Kuhama Mbagala Kwenda Pangani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kufunga Vyombo

Mtu anayeishi Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanatamani kuondoka. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wao wanalala katika mitaa ambayo nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la kunyonya maji taka halifiki, maji ya mvua hayana pa kupita, na mzazi hutoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, akarudi usiku wakiwa wamelala tena. Wilaya nzima ya Pangani, mkoani Tanga, katika sensa hiyo hiyo, haikufikia watu laki moja. Maelezo haya yanaihusu familia ambayo imekwisha kutamani na sasa inataka kujua ifanye nini. Nimechukua Pangani kwa kuwa ndio mji ninaoufahamu, lakini mwenye kuelekea Bagamoyo, Kilwa Kivinje au Mikindani ataona mengi yanamhusu pia.

Jambo ninalolishikilia kuliko mengine yote ni kwamba mji wa pwani upimwe katika miezi yake mibaya. Wengi huenda Pangani mwezi Desemba au siku za Idi, wakati kaskazi inavuma, barabara ni kavu na kila nyumba ya kupanga inaonekana nzuri kwa sababu paa lake halijajaribiwa na mvua. Nenda Aprili au Mei, masika yakiwa yamekolea na kusi imekwisha kuanza, ukae walau wiki mbili katika chumba cha kawaida cha mtaani, wala si katika hoteli ya ufukweni. Hapo ndipo utakapojua ni njia ipi inageuka tope, umeme ukikatika hurudi baada ya muda gani, mbu wanatokea wapi, na bei ya samaki hupanda kiasi gani siku ambazo vyombo vidogo haviwezi kutoka. Kisha, kabla ya kulipa kodi popote, urudi tena mwishoni mwa kiangazi, Februari au mapema Machi, kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni maji.

Maji ndiyo yanayowashinda wahamiaji wengi wa pwani, na ni jambo ambalo halionekani kwa macho. Kisima chenye maji matamu Juni kinaweza kuwa na munyu Februari, kwa kuwa maji baridi ya ardhini yanapopungua, ya bahari huyafuata. Mto Pangani nao una hali hiyo hiyo: maji yake yamepunguzwa na mashamba ya umwagiliaji na mabwawa ya huko juu, na bahari inapojaa chumvi hupanda mtoni umbali mrefu kutoka mdomoni, hata minazi na mashamba ya kando ya mto yakaathirika. Kwa hiyo usiridhike na jibu la mwenye nyumba kwamba maji yapo. Teka ndoo moja, nawa mikono kwa kipande cha sabuni ya mche, na utazame povu. Sabuni ikigoma kutoa povu na ikaacha utando mweupe juu ya maji, hayo ni maji magumu au ya chumvi, na yatakula sabuni yako, masufuria yako na bomba zako. Pika pia maharage kwa maji hayo, kwani yakikataa kuiva hata baada ya kuni nyingi, umepata jibu ambalo dalali hatakupa. Waulize wanawake wa mtaa huo wanachota wapi maji ya kunywa na wapi maji ya kufulia, maana mahali penye visima viwili vya matumizi tofauti pana sababu yake. Ikiwa nyumba ina bomba la mamlaka ya maji, uliza hutoka siku ngapi kwa wiki, na uweke simtanki katika bajeti yako kabla ya kitanda.

Baada ya maji ni riziki. Mwenye pensheni, mtumishi aliyepata uhamisho au mtu anayefanya kazi zake kwa intaneti anaweza kuipita aya hii haraka, lakini mwenye kutegemea fremu, genge, cherehani au chakula cha kupika anapaswa kuisoma kwa makini. Mbagala mteja hupita mlangoni kila saa kwa sababu watu hawakauki njiani. Katika mji wa wavuvi fedha huja na kuondoka kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, na taa haina nguvu usiku ambao mbalamwezi imejaa, hivyo siku za mwezi mpevu wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na mji wote huingia katika mikopo. Wanaovua na kuokota pweza mwambani nao hutegemea bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa sana, si siku za maji mafu. Muuza duka anayeijua kalenda hiyo hujaza unga, mchele na mafuta ya taa siku za giza zinapokaribia, na huweka daftari la wadeni kwa uangalifu mbalamwezi inapokaribia kujaa. Anayetoka Dar na hesabu ya mauzo ya kila siku hulia mwezi wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, fika na akiba ya matumizi ya miezi sita walau, na uchague kazi ambayo mji unaihitaji lakini haina watu wa kutosha. Fundi friji, fundi wa mashine za boti, mshonaji wa sare za shule, mtu wa kutengeneza simu na mchomeleaji hawakosi kazi mahali ambapo chumvi inakula kila kitu. Duka jingine la vocha na soda katika mtaa wenye maduka manne halitakulisha. Ikiwa unafikiria uwakala wa fedha za simu, elewa kwamba mtaji wake mjini mdogo ni mkubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa wavuvi wakiuza siku moja hutaka kutuma fedha wote kwa pamoja, na siku ya pili hutaka kutoa wote kwa pamoja.

Kuhusu matibabu nitasema kwa ufupi. Pangani ina hospitali ya wilaya, na mgonjwa anayehitaji zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iliyoko Tanga, umbali wa takriban kilomita 50. Kama nyumbani kuna mtu anayehudhuria kliniki ya kibingwa Muhimbili kila mwezi, zungumza kwanza na daktari wake kuhusu kuhamishia huduma Bombo, na usihame mpaka upate jibu. Malaria ipo, na chandarua kinahitajika kwa kila kitanda tangu usiku wa kwanza.

Mtoto aliyeko darasa la mtihani wa taifa asihamishwe katikati ya mwaka, kwa kuwa amekwisha kusajiliwa kufanya mtihani katika shule yake. Wakati mzuri wa kuhama kwa wenye watoto ni Desemba, baada ya shule kufungwa, ili uhamisho ukamilike kabla ya muhula wa Januari. Nenda ukaonane na mwalimu mkuu wa shule unayoikusudia mapema, upate kibali kwamba nafasi ipo, ndipo uanze taratibu za kule unakotoka.

Sasa nyumba. Panga kwanza, usinunue, hata kama una fedha mkononi na kiwanja kinasemwa kuwa ni cha mwisho. Mwaka mmodi wa kupanga utakuonyesha masika, kusi, vuli na kaskazi ukiwa ndani ya mji huo, na utakufanya ujulikane, jambo ambalo lina thamani kubwa katika mauziano ya ardhi ya pwani kuliko fedha taslimu. Mtu asiyejulikana huuziwa kilichokataliwa na wenyeji.

Unapofikia kununua, kuna maswali ambayo mtu wa Dar hayajui kwa sababu Mbagala hayaulizwi. Swali la kwanza ni la miti. Katika mwambao, mnazi au mkorosho unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi: babu aliruhusiwa kupanda, wajukuu bado wanaangua. Mtu anaweza kukuuzia ardhi kwa haki kabisa, na siku unayoanza kusafisha shamba akaja mama mmoja na watoto wake kukuuliza ni nani aliyekupa ruhusa ya kugusa minazi ya baba yao. Tembea kiwanjani na muuzaji pamoja na majirani wa pande zote, uhesabu miti mmoja mmoja, na kila mti utajwe mwenyewe kabla mkataba haujaandikwa. Uliza pia kama kuna makaburi, hata yale yasiyo na alama zaidi ya jiwe, na kama kuna njia ya miguu ya kwenda pwani ambayo watu wameitumia tangu zamani. Usije ukaizungushia ukuta njia ya wavuvi ukatarajia kuishi vizuri na jirani zako.

Swali la pili ni aina ya ardhi. Kiwanja kilichopimwa mjini hupatiwa hati miliki, nacho huchunguzwa katika ofisi ya ardhi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mauziano yake yanahitaji kuridhiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo karatasi iliyogongwa muhuri nyumbani kwa mwenyekiti usiku haikulindi. Taka kuona muhtasari wa kikao. Swali la tatu ni umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kutoka kingo za mto, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Mji ulioko kati ya bahari na mto, huku ukipitiwa na barabara inayounganisha Tanga na Bagamoyo, una viwanja vingi vinavyoangukia katika vipimo hivyo, navyo ndivyo vinavyotembezwa kwa bei nafuu. Anayedhani kwamba mita 60 ni ukali wa serikali tu atazame Kisiwa cha Maziwe, baharini mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti mikubwa, na leo ni fungu la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yanapojaa sana.

Ukijenga, usitumie mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure, kwa sababu chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege, na ukuta hupasuka kutokea ndani miaka michache baadaye. Bati la bei ya chini karibu na bahari hutoboka mapema, na huanzia kwenye misumari. Nunua bati lililopakwa vizuri na misumari inayolingana nalo. Makuti ni paa zuri la ubaridi, ila yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na hesabu hiyo iingie katika mipango yako.

Vyombo navyo vichujwe kabla ya safari. Friji kuukuu lenye kutu, kabati la mbao laini za kugandamizwa na televisheni ya akiba viuze Mbagala, kwa kuwa hewa ya bahari itavimaliza. Beba vitu vya mbao ngumu, vya plastiki na vya alumini. Kabla ya kukodi Canter kwa safari ya kwenda tu, ulizia katika masoko ya Dar magari yanayoleta nazi na dagaa kutoka Tanga na kurudi matupu, maana dereva asiye na mzigo wa kurudi nao hukubali bei ambayo dalali wa magari hawezi kuitaja. Kabla ya kukabidhi nyumba ya Mbagala, hakikisha deni la maji limelipwa na umepata risiti. Na kama ni nyumba yenu wenyewe mnayotaka kuiuza, kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza katika kuuza nyumba ya familia. Mimi ningeshauri ipangishwe mwaka wa kwanza, na kodi yake iwe sehemu ya ile akiba.

Siku ya kwanza au ya pili baada ya kufika, nenda na barua ya utambulisho kutoka mtaa uliotoka ukaonane na mjumbe wa nyumba kumi, kisha mwenyekiti wa eneo hilo. Wengine hudhani hiyo ni kazi ya wenye shida tu. Kwa kweli mjumbe ndiye atakayetakiwa kukutambulisha siku unayohitaji kumdhamini ndugu au kulalamikia mpaka. Amkia watu unapopita, tena kwa utulivu. Pangani mtu hupokea shikamoo yako, akakuuliza habari za nyumbani, za watoto na za ulikotoka, na ukimkatisha kwa haraka za Kariakoo utakuwa umemkosea bila kujua. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, ingawa kuna Wakristo wa miaka mingi, baadhi yao wakiwa wazao wa watu waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwezi wa Ramadhani mama lishe hubadilisha saa za kupika, na mavazi ya heshima huzingatiwa na kila mtu barabarani.

Zaidi ya yote, usikose msiba. Ukisikia mtaani kuna mazishi, funga fremu, uende, hata kama marehemu humjui, na mkeo au dada yako aende kukaa na wanawake na kusaidia jikoni. Uliza mtaa una utaratibu gani wa kuchangia rambirambi, na uandikwe jina mwezi huo huo wa kwanza.