Simu na mashine ya sikio: ipandishe kidogo

Mama anavaa mashine ya kusaidia kusikia, na akipigiwa simu alikuwa anaishia "haloo, haloo" tu, mpaka juzi tulipogundua kosa. Kama mashine yako ni ile ya kukaa nyuma ya sikio, usibandike simu kwenye tundu la sikio. Ipandishe juu kidogo, spika yake ielekee vile vitundu vidogo kama vya sindano mgongoni mwa mashine. Hapo ndipo maikrofoni ilipo. Acha nafasi ya kidole, ukiibana simu, mashine inapiga mluzi. Kwa mashine za kuingia ndani ya sikio ujanja huu haufai, simu unaiweka kawaida. Na ukisikia mvumo wa zzz, hasa kwenye 2G (mtandao wa simu wa zamani), hayo ni mawimbi ya simu yenyewe: weka spika ya nje, simu iwe mbali.