Jinsi ya Kumfunza Daktari kwa Uhalisia Pepe Kabla Hajampasua Mgonjwa

Mwongozo huu nimewaandikia madaktari bingwa wanaosimamia wenzao wanaosomea upasuaji, ambao hospitali zao zimepata au zinakusudia kupata simuleta ya uhalisia pepe, yaani mashine inayoigiza upasuaji kwa kompyuta. Nitatumia mfano mmoja tu, yaani upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni, kwa kuwa ni miongoni mwa aina za kwanza za upasuaji zilizothibitisha kwamba ustadi unaopatikana kwenye mashine humfikia mgonjwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, madaktari 16 waliokuwa masomoni waligawanywa makundi mawili kwa kura. Waliofunzwa kwa simuleta walikitenganisha kifuko na ini kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, ilhali wenzao walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kifuko au kuunguza sehemu isiyohusika.

Hatua ya kwanza: weka kiwango kabla ya kumwita mwanafunzi. Waombe mabingwa watatu au wanne wafanye mazoezi yaleyale hadi waizoee mashine, kisha chukua wastani wao wa muda, wa makosa, na wa umbali ambao ncha za vifaa husafiri. Wastani huo ndio mwanafunzi atakaoufikia mara mbili mfululizo, kwa mikono yote miwili, kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Usimpangie idadi ya saa. Miaka yangu ya mwanzo nilipanga saa sawa kwa kila mmoja na ninajutia hilo hadi leo, kwa kuwa tuliwapitisha baadhi ya vijana kwa sababu tu fomu ya mahudhurio ilikuwa imejaa, huku mkono wao wa kushoto ukiwa bado haujui njia.

Hatua ya pili: anza na mazoezi ya msingi, yaani kuongoza kamera, kushika kitu na kukihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kubana klipu (kibanio kidogo cha kufungia mrija au mshipa), na kuunguza kwa umeme huku mguu ukiwa kwenye pedali. Mwanafunzi atashangaa kuona kwamba akipeleka mkono kulia, ncha ya kifaa inakwenda kushoto, kwa maana ukuta wa tumbo umekuwa egemeo la kile kifaa kirefu. Tena picha ya kwenye skrini ni bapa, hivyo kina cha mahali anapogusa atakikisia kwa vivuli na kwa mguso. Mwache ahangaike kidogo kabla ya kumsahihisha.

Hatua ya tatu: gawa mazoezi katika vipindi vifupi visivyozidi saa moja, vikitenganishwa kwa siku. Iwapo simuleta yenu hutumia miwani ya kuvaa badala ya skrini, anza na dakika chache mwanafunzi akiwa ameketi, na umsimamishe mara tu anapohisi kizunguzungu au kichefuchefu.

Hatua ya nne, ambayo ningependa muitengee muda mwingi kuliko zote, ni upasuaji kamili. Ajali inayoogopwa zaidi hapa ni kukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhani ni mrija wa kifuko, na mara nyingi chanzo chake ni jicho lililoridhika mapema, wala si mkono mzito. Kwa hiyo mwanafunzi asibane klipu hata moja kabla hajakuonyesha mambo matatu: kwamba pembetatu iliyo kati ya kifuko, ini na mrija mkuu imesafishwa mafuta na nyuzi, kwamba theluthi ya chini ya kifuko imebanduliwa kutoka kwenye kitanda chake kwenye ini, na kwamba ni vitu viwili tu, mrija wa kifuko na ateri (mshipa unaoleta damu), vinavyoingia kwenye kifuko. Mtake ayataje kwa sauti huku akielekeza kwa ncha ya kifaa. Chagua pia wagonjwa wa kuigiza wenye maumbile yasiyo ya kawaida au wanaovuja damu ghafla, kwa kuwa kwenye mashine mnaweza kumrudia mgonjwa huyohuyo hadi uamuzi uwe sahihi.

Hatua ya tano: usiiachie mashine kazi yote. Simuleta nyingi hazirudishi mkononi uzito wa tishu, na uzi wa kwenye skrini haukatiki kama uzi wa kweli unapovutwa kupita kiasi. Sanduku la plastiki lililotobolewa, lenye kamera ya simu ndani na vifaa halisi, linatosha kabisa kufunzia kushona na kufunga mafundo, na gharama yake ni ndogo.

Hatua ya sita: akishafikia kiwango, mpeleke chumba cha upasuaji ndani ya siku chache, akianza na sehemu moja, kama vile kutenganisha kifuko na ini, huku wewe ukiwa umenawa na kusimama kando yake. Rekodini video na muipitie pamoja siku hiyohiyo. Daktari aliyekaa miezi kadhaa bila kufanya upasuaji huu arudi kwanza kwenye simuleta, apimwe upya kwa kiwango kilekile, na asipokifikia afanye mazoezi tena kabla ya kupangiwa mgonjwa.