Namna ya Kuusoma Mchoro wa Kale wa Uwindaji wa Florida

Mwalimu wa historia wa Iringa au Mbeya anayetaka kuwazoeza wanafunzi kupima ushahidi wa picha atafaidika na michoro ya Watimucua, wenyeji wa asili wa Florida huko Marekani, wakiwinda, aliyoichapisha Theodor de Bry mjini Frankfurt mwaka 1591.

Aanze na mchoraji kabla ya mnyama. De Bry hakuwahi kufika Amerika. Alichonga mabamba ya shaba akifuata kazi za Jacques Le Moyne, aliyefika Florida na Wafaransa mwaka 1564, akanusurika Wahispania walipoiteka ngome yao mwaka uliofuata, na kufariki London mwaka 1588. Kati ya macho yaliyoona na karatasi tunayoitazama, basi, kuna mkono wa pili na miaka zaidi ya 25. Kwa kuwa bamba likichapwa hugeuza kulia kuwa kushoto, upande wa mkono unaoshika upinde usichukuliwe kuwa ushahidi.

Kisha auweke mbele mchoro wa mamba, ambao kwangu ndio wenye mafunzo mengi zaidi. Wanafunzi waandike wanachokiona kabla ya kusomewa maelezo: mnyama mkubwa kupita kiasi, na watu wengi wakimsukumia gogo refu kinywani. Maelezo yanasema kwamba mlinzi hukaa kibandani kando ya mto akisikiliza, na kwamba mamba akishazibwa koo hupinduliwa chali, apigwe rungu na mishale tumboni, kwa sababu magamba ya mgongo hayapenyeki. Hapo aalikwe mzee wa Pawaga anayewajua mamba wa Ruaha, aulizwe kipi kinaaminika. Naamini atapinga ukubwa wa mnyama lakini atakubali habari ya tumbo laini, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kilichosimuliwa na aliyeona na kilichotiwa chumvi na mchongaji.

Katika mchoro wa pili wawindaji wamevaa ngozi nzima za kulungu, wakichungulia kupitia matundu ya macho, huku wanyama wakinywa maji mtoni. Mwalimu atahadhari na neno hilo, kwani kulungu wetu hubaki na pembe zake maisha yote, ilhali dume wa Florida ana pembe zenye matawi na huziangusha kila mwaka. Wanafunzi waandike hivyo daftarini kabla ya kuanza kulinganisha mbinu hii na uwindaji wa babu zao.