Muulize "Unajuaje?" Kisha Upige Picha

Miaka michache iliyopita nilimpiga picha mvuvi mmoja pale bichi ya Dunga, Kisumu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Boti yake ilikuwa imevutwa nchi kavu, mwenyewe ameegemea ubavuni, nyavu zimekunjwa miguuni pake. Picha ilinipendeza sana. Nikaiweka mtandaoni na chini yake nikaandika: "Subira huvuta heri." Watu wengi wakaipenda.

Siku kadhaa baadaye nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Subira ya nini, omera? Si mwezi ulikuwa umejaa?" Akanieleza kwamba omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza totoro, samaki huifuata taa na kujikusanya karibu na boti. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga na taa inakosa nguvu. Siku hizo yeye hulala, hushona nyavu, huziba boti inapovuja. Hakuwa akisubiri chochote. Alikuwa mtu anayeujua mwezi wake, nami nikauziba ujuzi huo kwa methali niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Jambo hilo lilibadilisha kazi yangu. Njia ninayoieleza hapa, ya kupiga picha za watu wakiwa kazini, ndiyo ninayowafundisha vijana wanaonijia na simu zao. Simu ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja, urudi hapo mara tano

Pawe karibu na kwako, nauli isije ikakukatisha tamaa. Panaweza kuwa soko la Kibuye siku ya Jumapili, Obunga wanakokaangia mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa), au stendi ya boda mtaani kwenu. Aliye Nakuru ana mafundi na wauza mboga wake. Siku ya kwanza simu ikae mfukoni. Nunua kitu, kaa, tazama kazi inavyoanza na inavyoisha. Mimi huona picha za siku ya kwanza zinafanana na za kila mtu, kwa sababu sote huvutwa kwanza na rangi na vumbi.

Hatua ya 2: Lijue jua la huku kwetu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu limeshakuwa kali: macho ya watu yamegeuka mashimo meusi na bati linang'aa kupita kiasi. Nuru laini unayo kwa saa moja na nusu hivi asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni, jua linapoelekea upande wa ziwa. Ukilazimika kupiga mchana, ingia kivulini, chini ya mti au ukingoni mwa kibanda, na mtu aelekee upande ulio wazi.

Hatua ya 3: Salimia, jitambulishe, omba

Salimia kwa lugha ya hapo. "Oyawore, mama" hufungua mlango ambao kamera haiufungui. Sema wewe ni nani, unataka kupiga nini na picha itaenda wapi. Akikataa, shukuru na uendelee kununua kwake. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi, lakini hata kabla ya sheria hiyo, sura ya mtu ilikuwa mali yake.

Hatua ya 4: Uliza "Unajuaje?"

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, kwa hiyo usipite haraka. Wengi huuliza "Unafanya nini?" na jibu wanalopata ni lile wanaloliona tayari. Uliza anajuaje. Unajuaje mafuta yamepata moto? Unajuaje tairi hii haifiki Ahero? Swali hilo linamheshimu mtu, maana linakubali kwamba anakijua kitu usichokijua wewe.

Siku moja nilimkuta mama mmoja ameanika omena juu ya wavu mkuukuu uliotandazwa chini. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa, na omena wakinyeshewa huharibika, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Alikuwa anaamua awaanue au awape nusu saa zaidi. Nikamuuliza, "Mama, unajuaje wamekauka?" Akachukua omena mmoja katikati ya rundo, si pembezoni, kwa sababu wa pembezoni hukauka mapema na kukudanganya. Akamleta karibu na sikio. Akamvunja. "Akijikunja, bado," akasema. "Akilia, yuko tayari."

Picha niliyokuwa naitafuta ilikuwa ile: vidole viwili, samaki mdogo kuliko kidole, sikio, na kitambaa cha kichwa kimesogezwa nyuma ili asikie vizuri. Nilikuwa nimesimama pale dakika arobaini bila kuiona. Nilimwomba aendelee kufanya kama kawaida, na alipomchukua wa pili nilikuwa tayari.

Hatua ya 5: Piga ile ishara

Jibu la "unajuaje" karibu kila mara lina ishara ya mwili: kunusa, kugonga, kupima kwa kiganja, kutega sikio. Piga hiyo.

Futa lenzi kwa kitambaa safi. Vidole vyenye mafuta ndivyo huleta ule ukungu. Usivute picha kwa vidole kwenye skrini, sogea wewe kwa miguu. Ukiwa na ziwa au anga nyeupe nyuma ya mtu, simu itapima mwanga wa anga na uso wa mtu wetu utatoka mweusi usio na macho. Gusa skrini pale usoni, ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge hapo, kisha urekebishe mwangaza kidogo kidogo. Ikibidi, acha anga iungue, yaani itoke nyeupe tupu. Zima urembo wa kulainisha ngozi, kwa kuwa huifuta mikunjo, na kwa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini mikunjo ndiyo maandishi yenyewe. Piga nyingi mfululizo mkono unapotembea, maana ishara hudumu kufumba na kufumbua.

Hatua ya 6: Bakisha moja

Kaa nazo usiku mmoja. Asubuhi futa zote ambazo zingeweza kuwa za mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 7: Andika maneno yake, si yako

Andika siku hiyohiyo, kabla masikio hayajasahau. Mistari mitatu inatosha: kazi ni gani, mahali na siku, kisha alichosema. Usieleze kinachoonekana. Chini ya picha ya mama sikuandika "Mama akianika omena", niliandika, "Akijikunja, bado. Akilia, yuko tayari." Akizungumza Kidholuo, yaache maneno yake kwa Kidholuo na maana ifuate. Methali weka tu ikiwa imetoka kinywani mwake, maana hapo itakuwa imeshikana na kazi yake. Msomee ulichoandika kabla ya kukituma. Wengi husahihisha neno moja, na neno hilo huwa ndilo lililokosekana.

Hatua ya 8: Rudisha

Chapisha picha ya inchi 4 kwa 6 mjini umpelekee kwa mkono wako. Yule mama aliipokea akiwa katikati ya kupima omena kwa gorogoro, kile kikopo cha kupimia sokoni. Alifuta mikono kwenye leso, akaishika pembeni, akaitazama, akacheka. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa akifunga mifuko, akamwonyesha kidole chake pichani na kumwambia, "Unaona ninavyomshika? Wewe humshika kwa kichwa." Binti akachukua omena mmoja, safari hii kwa mgongo, akamleta sikioni.