Nani humwendea nani: kuchora mtandao wa ofisi kwa dodoso na mahojiano

Chati iliyobandikwa ukutani inakuonyesha bosi wa kila mtu. Haikuonyeshi mtu akikwama anakimbilia kwa nani.

1. Weka mpaka. Chukua idara moja. Kwenye mchoro, mshale hutoka kwa aliyekwenda hadi kwa aliyeendewa; watu 24 tu wanatosha kuzaa mishale hadi 552 (24 × 23), na zaidi ya hapo mchoro unageuka kiota cha ndege. Omba ridhaa ya kila mmoja, tena kwa uwazi: dodoso hili haliwezi kujazwa bila majina. Wape watu namba, orodha ya majina ifungie, na bosi umwambie mapema kwamba hataiona. Akigoma, funga begi lako.

2. Tunga swali. Usiulize “Unaongea na nani?” Utaletewa salamu. Uliza: “Wiki mbili hizi, ulipokwama kazini, ulimwendea nani?” Mpe orodha ya wenzake wote aweke alama ya vema, maana kumbukumbu huruka watu. Wasiojibu wafuate hadi mezani kwao. Kila mmoja anaacha tundu kwenye mchoro.

3. Chora. Safu mbili zinatosha: aliyekwenda, aliyeendewa. Ziingize kwenye Gephi, programu ya bure. Hesabu mishale inayoingia kwa kila mtu, kisha tazama nani amekaa kwenye njia fupi za kuwaunganisha wengine, kipimo alichokieleza mwanasosholojia Linton Freeman mwaka 1977.

4. Sasa kaa na watu. Mchoro ndio ukuchagulie wa kuhoji: aliyetajwa sana, aliye daraja kati ya makundi, na yule asiyetajwa kabisa.

Hatua hii nusura niiruke. Katika halmashauri moja, mtunza masjala alitajwa na watu 17. Nikaanza kuandika kwamba ndiye mshauri wa ofisi nzima. Nilipokwenda kumuuliza, alicheka.

“Ushauri gani, mwanangu? Wanafuata majalada. Ufunguo ninao mimi.”

“Kwa hiyo mzee, ushauri wanapata wapi?”

Akanyoosha kidole kwenye benchi nje ya dirisha lake. “Hapo. Wakisubiri, wanaulizana.”

5. Rudi hatua ya 2. Nililipasua swali: ulifuata kitu kwa nani, na ulifuata ushauri kwa nani. Katika mchoro wa ushauri mzee alibaki na mishale mitatu, mmoja ukitoka kwa mtu ambaye hapa sitamtaja cheo.