Duka la ng'ambo likikataa kukuuzia kipuri: mwongozo kwa wenye boti Kigoma

Impela ya pampu ya maji ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Ikikatika mabawa, maji hayapandi, injini inachemka, na boti inalala kwenye mwalo wa Kibirizi giza zima la mwezi huku wenzako wakivua dagaa. Unaikuta kwenye duka la mtandaoni la Japani au Marekani, unajaza anwani ya Kigoma, na jibu linakuja: hatuuzi nchini kwako, wasiliana na wakala wa huko. Wakala wa Dar es Salaam naye anasema haipo na hajui itaingia lini.

Mara nyingi kinachokuzuia ni mkataba. Mtengenezaji ameipa kampuni moja haki ya kuuza bidhaa zake Tanzania, pengine na nchi jirani kadhaa, na wauzaji wake wengine wamesaini kutouza humo. Anayekuuzia kinyume na hapo anaweza kunyang'anywa uwakala wake. Kumbembeleza, hata kumwongezea nauli, ni kupoteza siku. Mwandikie aliyetoa haki hiyo, yaani mtengenezaji, ukiwa na ushahidi wa maandishi kwamba wakala wake hapa ameshindwa kukuhudumia.

Kwanza hakikisha tatizo ni hilo, maana maduka mengine yanaogopa tu posta au kadi ya benki ya nje. Muulize muuzaji: "Nikikupa anwani ya ghala la msafirishaji hapohapo nchini kwenu, mtaniuzia, mkijua mzigo unakuja Tanzania?" Akikubali, shida ilikuwa usafirishaji, na msafirishaji wa mizigo mwenye ghala huko anaimaliza. Akikataa, yaelekea ni mkataba. Usifiche mzigo unakokwenda. Oda ikigundulika inaweza kufutwa, nawe ukabaki kudai hela yako.

Kabla ya kuandika barua yoyote, pata namba ya kipuri. "Impela ya Yamaha 40" haitoshi, kwa kuwa injini za nguvu hiyo zina modeli kadhaa. Futa kibao kilicho kwenye mabano yanayoibana injini kwenye boti, mulika tochi kwa ubavuni ili maandishi yaliyofifia yaonekane, upige picha modeli na namba ya injini. Kwa Yamaha, namba ya kipuri huanza na mafungu matatu: tarakimu au herufi 3 za modeli ambayo kipuri kilitengenezewa mara ya kwanza, tarakimu 5 za aina ya kipuri (impela ni 44352), na 2 za toleo. Fungu la kwanza ndilo linalowachanganya watu. Si lazima lifanane na modeli ya injini yako, kwa sababu kipuri kimoja hutumika kwenye injini kadhaa. Kama namba imefutika kabisa, pima kwa kalipa kipenyo cha nje, tundu la katikati, kimo na upana wa mfereji wa ufunguo (kichuma kidogo kinachoishika impela kwenye shafti), kisha hesabu mabawa. Mpira uliochakaa hupungua, kwa hiyo kipenyo cha nje kisiwe kipimo chako pekee. Agiza na gasketi pamoja na ufunguo wa shafti. Gasketi iliyokwisha kufunguliwa haifungwi tena.

Sasa mwandikie wakala kwa barua pepe, si kwa simu, maana simu haiachi ushahidi:

"Naomba bei na tarehe ya kupatikana kwa kipuri namba ___, vipande ___, kwa injini modeli ___ namba ___. Kama hamtakipata ndani ya siku 14, naomba mnijibu hivyo kwa maandishi."

Siku 14 zikipita, mtumie mtengenezaji barua hiyo pamoja na jibu, au umweleze kwamba hukujibiwa. Andika kwa Kiingereza chepesi na uombe jambo moja bayana: amwagize wakala alete kipuri, au aruhusu kwa maandishi muuzaji fulani akuuzie. Lalamiko refu bila ombi hurudishwa kwa wakala yuleyule. Wenye boti wa mwalo mmoja wakiandika pamoja wakiomba impela 20, barua ina uzito kuliko ya mtu mmoja anayetaka moja.

Wakati unasubiri, tafuta kipuri cha kampuni nyingine kinachotengenezwa kuchukua nafasi ya namba hiyohiyo. Kampuni hizo hazifungwi na mkataba huo, na kwa impela, ambayo hubadilishwa mara kwa mara, kwetu hiyo ndiyo njia ya kwanza kujaribu. Kwa vipuri vya umeme tungekuwa waangalifu zaidi.

Bujumbura au Kalemie huenda kuna wakala mwingine, kwa hiyo piga simu huko pia. Ila bidhaa ya Japani iliyonunuliwa Burundi haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki. Msamaha wa ushuru wa Jumuiya ni wa bidhaa zenye cheti cha uasili, yaani kinachothibitisha kwamba zimetoka ndani ya Jumuiya. Itangaze TRA unapoingia. Ushuru hukokotolewa kwa bei ya kipuri pamoja na bima na nauli, na VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Mzigo wa shilingi 300,000 ukiwa kwenye kundi la asilimia 10 utalipiwa ushuru 30,000 na VAT 59,400, mbali na tozo nyingine.

Uliza dhamana kabla ya kulipa, kwani wakala wa hapa anaweza kuikataa kwa kitu ambacho hakukiuza yeye. Na ukifikiria kwenda Tume ya Ushindani, elewa kwamba mkataba wa wakala pekee si kosa kwa kuwepo tu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inaangalia kama unabana ushindani sokoni. Peleka barua na bei, si hasira.

Impela ikifika, ilinganishe na ya zamani kabla ya kufungua pampu ya injini nyingine yoyote. Ya akiba ihifadhi kwenye mfuko, mbali na jua na petroli, bila kitu kizito juu yake kinachokunja mabawa.