Somo: Kufukiza nyumba, na kwa nini madirisha yawe wazi

Juni imeingia Moshi, mlima umejificha, nyumba zimefungwa kwa baridi na kila mtu analalamika kwake ni "kuzito". Mimi nafanya hivi.

1. Fagia mchana, toka vyumbani kuelekea mlangoni, kisha piga deki. Bibi alikataza kufagia usiku, eti unafukuza riziki. Kwa mwanga wa koroboi, shilingi iliyodondoka kweli ingetoka na taka, kwa hiyo simbishii.

2. Fungua madirisha yanayotazamana, hewa ipite kama nusu saa. Uzito mwingi unaondokea hapa: unyevu, ukungu wa ukutani, moshi wa jikoni, pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja.

3. Washa mkaa nje mpaka ukolee wote. Weka kwenye chetezo, tia punje tatu nne za ubani. Ukizidisha mtakohoa tu.

4. Zunguka chumba kwa chumba, madirisha yakiwa bado wazi. Anayesali asali. Ukimaliza, chetezo kitoke nje. Narudia, kitoke nje! Mkaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu hulala wasiamke, na harufu tamu ya ubani haipunguzi sumu hiyo hata chembe.

Ubani wenyewe ni utomvu wa miti ya Boswellia, inayomea Somalia, Ethiopia na Oman. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba kiambata chake kimoja, insensoli asetati, kilipunguza wasiwasi kwa panya. Panya, jamani, na walipewa kiambata kilichochujwa, hawakufukizwa sebuleni. Lakini harufu hukamata kumbukumbu upesi. Mimi nikiinusa tu naiona misa ya Krismasi nikiwa mtoto, na mabega yanashuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Chumvi ya mawe niliyoweka pembeni imelowa. Imevuta husda?
Imevuta maji, dada. Hewa ikifika unyevu wa takriban asilimia 75, chumvi hulowa yenyewe. Kwa ukungu huu italowa hata nyumbani kwa padri. Kagua ukuta wa kona hiyo.

Mwanangu ana pumu, nifukize kidogo tu?
Usifukize kabisa. Ishia hatua ya pili.

Nichanganye na majani ya isale?
Isale halichomwi, mama. Linapandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, na Mchagga hulibeba anapokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Uliniambia hamsalimiani na wifi yako tangu mazishi. Kata jani moja, umpelekee.